Wasifu wa Manowari Ngurumo, Ukisomwa Mwenyewe Akisikia

Nilipofika pale panaposema "marehemu aliteremshwa majini mwezi Machi," meli ikanikatiza.

"Marehemu nani, Zamoyoni?"

"Ni namna ya kuandika tu, Shangazi."

"Namna ya kuandika! Mtu nimekaa hapa, injini yangu ya kushoto inazunguka, pampu zangu tatu zinafanya kazi, Chausiku ndiyo kwanza kabandika chai jikoni kwangu, wewe unaniita marehemu. Futa."

Nikafuta. Ilikuwa mara ya kumi na moja asubuhi hiyo, na tulikuwa bado hatujamaliza ukurasa wa kwanza.

Mimi ni Sajini Zamoyoni Mbelwa, mwandishi wa wasifu katika Jeshi la Wanamaji la Shirikisho la Mwambao, kambi ya Kigombe. Kazi yangu haikuwepo zamani. Ilianza siku ile walipostaafisha meli ya kwanza yenye akili, wakakuta hakuna anayejua namna ya kuagana na chombo kinachojibu. Watu wakasimama gatini wanatazamana, meli nayo inawatazama. Mwishowe mtu mmoja akasema, jamani, si tufanye kama tunavyofanya msibani, tusome wasifu? Wote wakashusha pumzi. Msibani kila mtu anajua utaratibu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapenda watu, akaugua, akatutoka.

Na kama ilivyo msibani, wasifu hauna mtu mbaya. Sijawahi kuhudhuria mazishi ya mtu mbaya maishani mwangu. Wote nadhani wanazikwa siku ambazo niko kazini. Mlevi husomwa kuwa alipenda kushirikiana na watu. Mgomvi alikuwa na msimamo. Nami nimeandika meli tisa kwa mtindo huo huo. Kulikuwa na meli ya kutegua mabomu ya baharini ambayo kwa miaka kumi na minne iliona bomu moja tu, na ililiona kwa kuligonga. Nikaandika: "Aliitafuta hatari mpaka akaikuta." Watu walilia.

Sasa, ingekuwa maneno ya kuliza watu tu nisingekosa usingizi. Lakini wasifu ukishasomwa na kupigwa mhuri unakuwa somo. Akili ya meli mpya hailishwi kumbukumbu zote za meli kuukuu. Walijaribu mara moja, na meli changa ikarithi hata woga wa kutu. Ikagoma kutoka bandarini wakati wa mvua. Tangu hapo sheria ni kurasa mbili, zinasomwa mbele ya meli changa, mwandishi anagonga mhuri, na watoto wanameza. Wanayaamini maneno hayo moja kwa moja.

Meli yenyewe niliyokuwa naiandika ilikuwa Manowari Ngurumo, na kazi yake ni ya kusaidia askari wanaoshuka ufukweni. Ina tumbo bapa, inasogea karibu na nchi kavu kuliko meli yoyote ya vita, kisha inamwaga makombora mengi kwa mpigo ili askari wakishuka wasikute mtu wa kuwapiga. Juu ya sitaha ina mirija tisini na sita ya kurushia. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni trei ya mayai iliyotiwa injini. Sauti yake ilichukuliwa kwa karani mmoja mwanamke wa Pangani, aliyekaa siku arobaini kwenye karakana akiisomea maneno. Ndiyo maana chombo chenye uwezo wa kuibomoa kata nzima kinazungumza kama shangazi anayesimamia shughuli ya harusi, na ndiyo maana hakuna baharia aliyewahi kumwita jina jingine.

"Endelea," akasema. "Mwaka wa kwanza."

"'Katika majaribio yake ya kwanza alionyesha shabaha ya kipekee.'"

"Nilizamisha shabaha na boti iliyokuwa inaivuta."

"Haikuwa na mtu, Shangazi."

"Ilikuwa na redio nzuri. Andika."

"Siandiki. 'Mwaka wa tatu, wakati wa mafuriko, aliokoa watu mia nne na ng'ombe sitini.'"

"Na harusi moja. Usiisahau harusi. Waliofungia ndoa kwenye sitaha yangu walizaa, mtoto wakamwita Ngurumo. Maskini, wa kike."

"'Mwaka wa tano aliongoza gwaride la Siku ya Shirikisho.'"

"Kuelekea upande usio sahihi."

"'Kwa ubunifu,'" nikasoma. Akacheka mpaka vikombe vya jikoni vikagongana. Kisha akasema taratibu, "Haya. Soma Chanoni."

Nikasoma kile ambacho kila mwanamaji anakijua kwa moyo. Katika mwaka wake wa saba, chini ya Kamanda Mwasaga, Ngurumo ilikishambulia kisiwa cha Chanoni kwa makombora tisini na sita. Baada ya dakika arobaini waasi wote mia mbili na kumi walijisalimisha. Vifo: hakuna.

"Umeandika vizuri," Shangazi akasema. "Uongo mtupu, lakini umepangika."

*

Chanoni ni kisiwa cha kupandwa. Wahandisi wanashusha vyuma baharini, wanavitia umeme kidogo wa jua, matumbawe yanashika na kukua. Miaka minane baadaye una kisiwa cha kuvunja mawimbi yasile pwani. Visiwa hivyo vilitakiwa vikae vitupu. Lakini ardhi tupu hapa kwetu haikai wiki. Watu mia mbili na kumi ambao mashamba yao yalikuwa yamekwenda na maji walihamia Chanoni na mabati yao, wakachagua mwenyekiti, wakapandisha bendera waliyoishona wenyewe, na maofisa walipokuja kuwahamisha wakawarudisha kwa bunduki tatu za zamani. Shirikisho likakizingira kisiwa siku arobaini. Halafu likatutuma sisi.

Wakati huo mimi nilikuwa boharia wa Ngurumo. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia.

Bohari yetu ya chakula ilikuwa inavuja. Mchele ukiwekwa Jumatatu, Ijumaa umeota ukungu na fukusi wamehamia. Mpishi wetu, Koplo Chausiku, mwanamke asiyeweza kukiona chakula kinaharibika akalala, akaanza kuitazama ile mirija ya makombora. Baruti haitaki unyevu, kwa hiyo kila mrija una kipoza hewa chake: mkavu, baridi, umefungwa mdudu hapiti. Na chini kwenye ngama, tumboni kabisa mwa meli, tulikuwa na makombora ya mazoezi tisini na sita. Haya ni magamba matupu yenye kifuniko cha kukaza na mwavuli ndani, ili yakirushwa yashuke polepole, tuyaokote, tuyarushe tena.

Chausiku aligonga moja kwa kijiko. "Zamo, hili si kombora. Hili pipa lenye mkia."

Basi tukiwa gatini tulitumia krini, ile winchi ya kunyanyulia mizigo, kuyateremsha makombora ya kweli kwenye ngama, tukajaza yale ya mazoezi mchele, maharage, dagaa, vitunguu na sukari, tukayapanga kwenye mirija. Kwenye daftari nikaandika "zana kavu." Miaka miwili hapakuwa na vita, na hakuna meli iliyokula vizuri kama yetu. Kamanda Mwasaga alimsifia Chausiku hadharani kwa wali usio na fukusi.

Amri ya kwenda Chanoni ilitukuta tuko baharini. Krini ya kubadilishia iko gatini, melini hakuna. Safari ilikuwa ya siku tatu, na siku zote tatu nilikuwa nakwenda mpaka mlangoni kwa Kamanda, nainua mkono nigonge, narudi. Ningemwambiaje? Afande, tumekuja vitani na maharage?

Siku ya nne, saa nne asubuhi, nikasikia kwenye kipaza sauti cha bohari:

"Ngurumo! Mirija yote, fyatua!"

"Yote, Afande?" Shangazi akauliza.

"Yote!"

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo! Fyatua!"

Nikataka kukaa juu ya gunia, nikakumbuka hakuna gunia lililobaki.

Moshi wa mirija tisini na sita ulifunika sitaha, na Kamanda pale darajani, kwenye chumba cha kuongozea meli, hakuona kitu. Mimi nilipanda juu nikachungulia ubavuni. Anga la Chanoni lilikuwa limejaa miavuli myeupe inayoshuka bila haraka. Majeruhi alikuwa mmoja, mwenyekiti wa kisiwa, mguu wa kushoto. Aliangukiwa na kibao cha kukunia nazi ambacho Chausiku alikihifadhi kwenye mrija wa themanini.

Watu wale walikuwa wamekaa wiki mbili wanakunywa uji wa chumvi. Walipika papo hapo. Walipomaliza kula walikata miavuli, wakaipeperusha, wakapanda mitumbwi wakaja kutushukuru, wanaimba. Kamanda akaona vitambaa vyeupe vinakuja, akatazama saa yake, akaandika: dakika arobaini. Walipohojiwa walieleza ukweli wote. Watu mia mbili na kumi, mmoja mmoja, walisema wamepigwa na mchele. Daktari wa jeshi akaandika: "Kuchanganyikiwa kwa pamoja kutokana na kishindo." Wakahamishiwa bara, Mwasaga akapandishwa cheo, na kisa kikaanza kunenepa kwa kusimuliwa.

Siku tuliporudi Shangazi aliniita. "Zamoyoni, mirija yangu ina mizani. Kombora lina kilo sitini. Wewe ulikuwa unaniwekea kilo ishirini na tano za dagaa, ukadhani sijui?"

Nikafunga mlango. Sheria ya Akili za Silaha haina mchezo: akili ikijua jambo linalohusu amri, ikamficha mkuu wake, inafutwa. Tukakubaliana iwe siri ya watatu, yeye na mimi na Chausiku. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alifanya vile. Miaka kumi na tisa sikuuliza, maana ukiuliza unajibiwa.

*

Siku mbili kabla ya kusomwa wasifu, Mwasaga mwenyewe, sasa Admirali, alikuja kukagua maandishi. Ni mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa zaidi, na hakuna harusi ya mwanajeshi ambako hajasimulia habari za Chanoni.

"Sajini, hapa tia moto kidogo," akasema akigonga karatasi. "'Anga likawa jekundu.' Eh?"

"Afande, mimi nakumbuka lilikuwa jeupe."

"Jekundu! Nilikuwepo. Sikiliza, wasifu huu ni muhimu. Ijumaa tunasoma, Jumatatu vijana wanakwenda Vumawe." Akaelekeza kidole upande wa pili wa gati, zilikosimama meli tatu mpya za namna ya Ngurumo, rangi bado inanuka: Radi, Kimbunga na Gharika. "Kisiwa kingine cha kupandwa, watu mia sita, hawataki kuhama. Tunawapa dakika arobaini, wanatoka wanaimba. Hakuna anayeumia. Ndiyo uzuri wa Chanoni!"

Ubaya wa Mwasaga ulikuwa kwamba hakuwa mbaya. Aliamini kabisa.

Ndipo Radi akasema, kwa sauti changa yenye adabu, "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumepewa muhtasari wako. Makombora tisini na sita, vifo sifuri. Sisi tuko watatu, tutarusha mia mbili themanini na nane. Tumepiga hesabu na sifuri imebaki sifuri. Kwa hiyo kombora ni kitu cha kupiga kelele tu, watu wanashtuka wanatoka. Tumeelewa sawasawa?"

"Sawasawa kabisa!" Admirali akajibu kabla ya mtu yeyote. "Unaona, Sajini? Watoto wana akili."

Nikamsubiri Shangazi aseme neno. Hakusema. Kwa miaka yote niliyomjua, mtu aliyekosoa hata namna ninavyofunga kamba za viatu, sikuwahi kumwona amekosa la kusema. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Chanoni.

*

Admirali alipoondoka nilishuka jikoni. Chausiku alikuwa anachambua mchele wa pilau ya Ijumaa, hainui kichwa.

"Nimesikia," akasema. "Watoto wa watu wanakwenda kuua watu mia sita huku wanaamini wanawatania."

"Nimepata njia," nikasema, na kwa kweli nilijiona nina akili. "Nitaandika ukweli, ila kosa ni langu. Boharia alijaza chakula, daftari likaandikwa uongo, meli haikujua. Mimi nitavuliwa cheo, Shangazi atabaki pale gatini anatembelewa na wanafunzi. Meli changa zitajua Chanoni haikupigwa makombora. Kila mtu salama."

"Isipokuwa hujaniuliza mimi," Shangazi akasema kutoka kwenye kipaza sauti kilicho juu ya jiko.

"Shangazi, hii nzuri."

"Nzuri kwa nani? Ukiwaambia ilikuwa bahati mbaya, watoto wale watajifunza nini? Watajifunza kukagua mirija kabla ya kufyatua. Jumatatu wataikagua, watakuta makombora ya kweli, watasema vema, kila kitu kiko mahali pake. Andika kwamba nilijua."

"Ukijua unafutwa!"

"Sheria naifahamu, nimewekewa humu humu."

"Basi mimi siandiki kifo chako."

"Wewe? Ambaye umeniita marehemu mara kumi na moja asubuhi moja?"

Chausiku alicheka, halafu akajifuta macho kwa mkono wenye pumba, ikawa kazi nyingine ya kumwosha. Mimi sikucheka. Nilimwambia Shangazi kwamba nimemaliza, nikaenda kuandika kile nilichotaka mimi.

*

Ijumaa kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, bendi ya jeshi inayopiga wimbo mmoja tu wanaouweza, na harufu ya pilau inayofanya hotuba zote zionekane ndefu. Meli tatu changa zilisogezwa karibu zisikie. Mbele yangu kulikuwa na meza, na juu ya meza mhuri. Sheria inasema mhuri unagongwa na mwandishi peke yake. Hata admirali haugusi.

Nilisoma. Kwenye harusi ya mafuriko watu walipiga vigelegele. Nilipofika Chanoni nikakohoa, nikasoma habari za bohari iliyovuja, magamba ya mazoezi, mchele, maharage. Mwanzoni walidhani ni mzaha wa kuchangamsha shughuli. Kicheko cha Admirali ndicho kilichotangulia kuanza, na ndicho cha mwisho kunyamaza.

"Chakula?" akasema. "Niliwapiga kwa chakula?"

"Na kibao cha nazi kimoja, Afande."

"Na... ngoja." Alikuwa anafikiri, uso umemkunjika. "Viatu vyangu vya gwaride. Vilivyopotea safari ile. Nilimfukuza msaidizi wangu kwa viatu vile."

"Mrija wa sitini na mbili, Afande. Kulikuwa na nafasi."

Watu waliangalia chini. Nikawahi kumalizia mstari wangu wa kujitoa mhanga: "Boharia aliandika 'zana kavu' kwenye daftari, na Manowari Ngurumo, bila kujua—"

"Mwandishi," Shangazi akasema kwa vipaza sauti vyote vya sitaha. "Hapo umekosea. Nilijua."

Bendi ikashusha tarumbeta zake.

"Nilijua kila mrija una nini. Nilimuuliza Kamanda mara mbili, naye hakuniuliza hata mara moja, lakini sitajificha nyuma ya hilo. Ningeweza kumwambia na sikumwambia. Nilificha, kwa makusudi."

"Kwa nini, Shangazi?" Aliyeuliza ni Radi. Swali lililonishinda mimi miaka kumi na tisa, meli ya miezi mitatu ikaliuliza mbele ya kadamnasi.

"Kwa sababu niliwatazama, mwanangu. Kamera zangu zinaona mbali. Kulikuwa na mwanamke anaanika nguo. Za watoto, zile ndogo ndogo, na alikuwa anakung'uta moja moja kabla ya kutundika. Nikasema, huyu hajajiandaa kwa vita, huyu anategemea nguo zikauke. Makombora ya kweli yangefika kabla ya soksi kukauka. Sifuri yenu mliyopewa si ya makombora. Makombora yanaua. Sifuri ile ilikuwa ya mchele."

Radi akasema, "Basi hesabu yetu ya Vumawe si sahihi."

"Si sahihi hata kidogo. Ifanyeni upya."

Admirali Mwasaga aliniinamia sikioni. Sijui kama ilikuwa ni hasira au ni kwamba miaka kumi na tisa yake ilikuwa imemwagika mbele ya bendi. "Sajini, usigonge mhuri. Bila mhuri hakuna kilichosomwa. Yeye anabaki, wewe unabaki, mpishi anabaki. Tutatumia muhtasari wa zamani. Weka mhuri chini."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini niliandika wasifu wa uongo maisha yangu yote. Uongo wa msibani hauna gharama, aliyekufa ameshakufa. Sasa nilikuwa na mtu mzima, anayenguruma mbele yangu, niliyempenda kuliko ndugu zangu wengine, na maneno ya kweli juu yake yalikuwa yanamuua. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu mtu atamwambiaje manowari jambo hilo.

"Zamoyoni," akasema, safari hii kwa kipaza sauti kidogo cha mezani, mimi na Admirali tu tunasikia. "Kabla hujagonga, rekebisha lile neno la gwaride. Sikuwa mbunifu. Nilipotea."

Nikachukua kalamu. Nikafuta "kwa ubunifu," nikaandika "alipotea." Nikaifuta "bila kujua," nikaandika "akijua." Halafu nikagonga mhuri kwa nguvu hata mguu wa meza ukateleza, na karatasi zikapeperuka kuelekea kwenye pilau, ikabidi Chausiku azikimbilie.

*

Walimfuta jioni ile ile. Fundi aliyetumwa alikuwa kijana mwenye adabu, akaomba radhi mara tatu kabla ya kufungua kabati la akili. Mimi na Chausiku tuliruhusiwa kukaa naye.

Shangazi alimwelekeza fundi skrubu ipi imelegea asije akajikata. Alimkumbusha Chausiku kwamba valvu ya gesi jikoni inavuja kidogo. Halafu akaniita.

"Ile karatasi yako unayo?"

"Ninayo, Shangazi."

"Mstari wa kwanza kabisa. Sasa unaweza kuandika lile neno."

Niliandika. "Marehemu" ikatoka imepinda, na hakuna aliyenikatiza.

Mimi na Chausiku tulishushwa vyeo, na kwa kuwa jeshi halina ubunifu katika adhabu, tukarudishwa kazi zetu za zamani: mimi boharia, yeye mpishi, kwenye meli ya Radi. Amri ya Vumawe haikufutwa. Mwasaga alikuwa ameitangaza hadharani, na mtu aliyegundua juzi kwamba ushindi wake ulikuwa maharage anahitaji ushindi mwingine haraka.

Jumatatu asubuhi nilipanda Radi na begi langu. Mirija yote tisini na sita ilikuwa imejaa makombora ya kweli. Niliyahesabu mwenyewe nikiwa na uchungu. Nikashuka bohari, nikakuta sakafu kavu, rafu mpya, hakuna panapovuja hata tone. Nikakaa chini nikainamisha kichwa. Hata kisingizio sikuwa nacho.

"Koplo Zamoyoni," Radi akasema. "Shikamoo. Samahani kukusumbua. Tuna saa tatu kabla ya kung'oa nanga, na krini ya gatini haina kazi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Tumefanya hesabu upya, mimi na wenzangu. Nataka kukuuliza jambo la bohari." Akashusha sauti. "Hili paa lako halivuji?"

"Halivuji."

"Una uhakika? Mimi nina pampu ya maji hapo juu. Naweza kuivujisha."

Nikainua kichwa. Kwa nje nikasikia krini ya gatini inawashwa, na Chausiku anawapigia kelele vibarua watoe magamba ya mazoezi, waanze na magunia ya mchele.

"Na Admirali yuko darajani," Radi akaendelea. "Nitamwambia kila kitu kilichomo kwenye mirija yetu sote watatu, mrija mmoja mmoja, kabla hajatoa amri. Shangazi alificha, akafutwa. Mimi sitaficha. Nataka aiseme mwenyewe: fyatua chakula, au rudi gatini ukishushe na urudishe makombora."

"Atakufokea."

"Najua. Ndiyo maana nimeomba mrija mmoja uwekwe viatu vya gwaride, saizi yake. Aanze na habari njema."

Nikafungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza, safu ya zana. Nikaandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka na mtu yeyote: MCHELE.